Uluguru kwenda na kurudi siku moja kutoka Dar: tupeane uzoefu

Chura wa Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Morogoro na kundi la watu kumi na wanne. Mpango ulikuwa asubuhi tuondoke Mbezi, mchana tuwe mlimani, usiku kila mtu alale kwake. Mimi mwinuko ninaoujua ni ngazi za kazini lifti ikiharibika, kwa hiyo msinicheke.

Tangazo lilisema 75,000 kwa kichwa: usafiri, mwongozaji, kibali na msosi wa mchana. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Nikafika kumi na moja kasoro dakika kumi nikiwa na chupa ya chai na chapati mbili. Tuliondoka saa moja kasoro! Kuna jamaa mmoja alikuwa anapigiwa simu anajibu "niko njiani, niko njiani", na sisi tunasikia kabisa maji ya bafuni yanamwagika nyuma yake.

Njia nane zilitufikisha Kibaha kwa raha. Baada ya hapo mnajua wenyewe: malori, trafiki, hamsini hapa, hamsini pale. Chalinze wakashuka kunywa supu. Supu ya dakika kumi ikawa ya dakika arobaini na tano maana kila mtu alitaka aongezewe ndimu. Tunaingia Morogoro saa tano, jua limeshapanda mlima kabla yetu.

Mwongozaji alitusubiri barabara ya Boma. Kijana mwembamba, Mluguru, miguuni katambuga. Aliangalia jua, akaangalia viatu vyetu kimoja kimoja, halafu akasema taratibu: "Leo tutafika Morningside. Bondwa mtaiangalia kwa macho." Kelele zikaanza, kwamba tangazo lilisema kilele cha Bondwa, kwamba tumelipia Bondwa. Akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Saa nane kamili, popote tulipo, tunageuka. Mimi nalala hapa hapa, nyinyi ndio mnaokwenda Dar."

Nilimchukia dakika zile. Saa nane ilipofika nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa lile jengo la Morningside la enzi za Mjerumani, mapaja yanatetemeka yenyewe, mji wote wa Morogoro uko chini kama umemwagwa kutoka kwenye gunia, na minara ya mawasiliano ya Bondwa bado iko juu kuleee. Nikamwelewa.

Kingine. Njiani soli ya raba ya dada mmoja ilibanduka nzima, inapiga makofi kila hatua. Sisi tumezunguka tunatoa pole. Yule kijana akaingia pembeni kwenye mgomba, akachuna gamba kavu, akalichana nyuzi pana, akalilowesha kwenye mfereji wa maji, akalisokota kwenye paja kama mama anayesokota ukindu. Akaifunga ile raba kwa kupitisha kamba chini ya unyayo mara mbili na kuizungusha kifundoni. Dada akapanda nayo, akashuka nayo, akafika nayo Mbezi.

Sasa wenzangu, mliowahi kwenda: mlitumia gari au treni? Mwongozaji mlimpataje? Na kuna mtu amewahi kufika kileleni na kurudi Dar siku hiyo hiyo bila kudanganya?

Mama Wawili

Mimi nilikwenda na SGR, ile treni ya umeme, na watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 12. Kabla sijaeleza, niwape kicheko. Nilikuwa naongea na simu sebuleni, nikasema "gaidi wetu atatupokea stesheni". Mama yangu mzazi akaacha kuchambua mchele. Akauliza kwa sauti ndogo, "Gaidi, na wajukuu zangu unakwenda nao?" Tangu siku hiyo nasema mwongozaji, hata kama ulimi unauma.

Nauli nilipokwenda ilikuwa 13,000 mtu mzima daraja la kawaida. Tulipanda ile ya kwanza ya asubuhi pale Stesheni ya Magufuli, na kabla ya saa mbili na nusu tulikuwa tunateremka Morogoro. Hapo ndipo siku inapookolewa. Wenzenu wa Coaster wako Chalinze wanakamua ndimu, nyinyi mmeshaanza kupanda.

Ila msidanganyike kwamba treni inawafikisha mlimani. Stesheni ya Morogoro iko upande wa Kihonda, mjini kuna safari nyingine. Tulichukua bajaji mpaka barabara ya Boma. Na treni haina "dereva nisubiri nakuja". Milango ikifungwa imefungwa, na kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho kabla ya kupanda. Mkirudi msiseme tutafika dakika za mwisho.

Sisi tulikuwa na tiketi ya kurudi jioni. Mwongozaji wetu, mtu mzima wa kama miaka hamsini, alikuwa anapiga hesabu kimya kimya. Mdogo akichoka hamwambii jikaze. Anamwita, "Njoo nikuonyeshe kitu," anamwonyesha kinyonga au shamba la stroberi, mtoto anasahau miguu. Tulipumzika mara nyingi sana bila mtu kusema tunapumzika. Morningside tulifika saa tano na nusu na tukashuka kwa nafasi. Kilele hatukukitafuta, na watoto hawakuuliza.

Mkuu Chura, mwongozaji nilimpata kupitia ofisi moja ya utalii wa kitamaduni pale Morogoro, nilipiga simu siku nne kabla. Nilimuuliza maswali matatu tu: kibali nani anakata, huduma ya kwanza anayo, na mtoto akishindwa njiani inakuwaje. La tatu alilijibu vizuri kuliko wakala wa Dar aliyetaka nitume hela yote kwanza.

Goti la Kushoto

Mimi ndiye niliyefika kileleni. Kilele cha Lupanga, siyo Bondwa. Kwa hiyo mwanzisha uzi, jibu lako ni ndiyo, inawezekana, na hapana, usifanye.

Tulikuwa wanne, vijana, tunacheza mpira kila Jumapili, kwa hiyo tulijiona wazima. Tulilala Ijumaa kwa shemeji yangu Kihonda (hapo tayari siyo siku moja, lakini tuendelee). Mwongozaji tulimwokota stendi. Alikuwa na kofia na miwani na maneno mengi, tukaona huyu ndiye. Tulipomuuliza kibali akasema "huko juu wananijua".

Hawamjui. Saa nzima ya kwanza tulikuwa tunazunguka kwenye mashamba ya watu. Tunapita katikati ya matuta ya kabichi, anasimama, anakuna kichwa, anasema "walibadilisha njia". Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akatuangalia weee, mwisho akauliza, "Mnakwenda wapi wanangu?" Tukasema Lupanga. Akaonyesha kwa jembe upande tuliotoka. Ndiye aliyetuitia mwanawe, na mwanawe ndiye aliyetupeleka kwenye ofisi inayohusika, tukalipa kwa kumbukumbu namba kama binadamu wa kawaida, tukaanza upya saa tatu. Mwenye miwani tulimlipa nauli ya boda arudi stendi.

Sasa niwape hesabu ambayo ningependa nipewe mimi kabla. Morogoro mjini iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lupanga imevuka mita 2,100. Mnapanda zaidi ya mita 1,600 kwa mguu, halafu mnazishuka. Na joto huko juu ni lile lile la mjini? Thubutu! Kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo ukitoka mjini na fulana ya jasho, juu unatetemeka na fulana hiyo hiyo.

Mashamba yanakatika ghafla, msitu unaanza kama umefungua mlango wa duka la barafu. Giza, mizizi, miti imevaa majani mengine juu yake, matone yanadondoka ingawa mvua hainyeshi. Kuna sehemu unapanda kwa mikono, umeshika mizizi. Nilisikia mbega wananguruma sehemu, sikuwaona. Kileleni tukaona nini? Ukungu. Mweupe pee. Mwenzangu mmoja alipiga picha kumi na mbili za ukungu, zote anazo mpaka leo.

Kushuka ndiko kulikoniua. Goti la kushoto lilianza kuuma nusu ya njia, giza likatukuta bado tuko mashambani, tochi za simu, mwendo wa bata. Tulilala tena kwa shemeji. Safari yetu ya "siku moja" ilikula siku tatu na goti.

Kizibo

Mnateseka bure. Pugu ipo, Kisarawe ipo. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi upo hapo ukishapita uwanja wa ndege, mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya kaolini, ule udongo mweupe, yapo na popo wake, mnarudi nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Vilima ni vilima.

Goti la Kushoto

Kizibo, Pugu siyo mlima, Pugu ni tuta lenye miti. Nakuheshimu lakini.

Bi Mkubwa wa Tabata

Mimi sina mengi. Tulishawishika kwenda Lushoto, kule milima ya Usambara, na kurudi siku moja. Tuliondoka saa tisa usiku. Kutoka Mombo kupanda kona zile mpaka kupita Soni, watoto wa dada yangu walitapika kwa zamu kama wamepangiwa. Irente, pale pa kutazamia bonde, tulikaa dakika ishirini na tano, nilizihesabu. Pazuri mno, unaona nyika yote ya chini mpaka macho yanachoka. Kisha "jamani twendeni, njia ni ndefu". Tumeingia Tabata saa saba usiku. Lushoto ni ya kulala, msibishane na mimi.

Mtoto wa Bigwa

Nimesoma yote, acha na mimi wa mji kasoro bahari niseme. Nimezaliwa chini ya mlima huo na kaka yangu anaongoza wageni.

Kwanza, Goti, mkuu, mwenye miwani wa stendi tunamfahamu aina yake, poleni. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na kibali hukatwa mjini kabla ya kupanda. Anayekuambia "wananijua" anakupeleka kwenye faini yako.

Pili, kuanzia Boma mpaka juu mnapita mlangoni kwa watu. Ile njia mnayoipiga picha ndiyo anayopita bibi yangu na ndizi kichwani kwenda sokoni, anashuka nazo alfajiri na kupanda na sukari mchana. Msalimieni. Mpisheni, yeye ndiye mwenye mzigo. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo yule mama wa jembe aliyewaonyesha njia inawezekana kabisa mlikuwa mnakanyaga shamba lake, na akawasaidia hivyo hivyo.

Tatu, na hili linaniuma. Mnalipa 75,000 Dar, halafu kaka yangu anapata kiasi gani? Siku nyingine anapewa 20,000 kwa watu kumi na watano, na mwenye kundi anamwambia "utapata bakshishi". Bakshishi ni selfi. Ulizeni kabla ya kulipa: mwongozaji wa mlimani anapewa nini? Swali hilo tu linawanyoosha wengi. Au fanyeni kama Mama Wawili, mpigieni mwenyewe.

Kuhusu msimu, njooni Juni mpaka Septemba. Machi mpaka Mei ni masika, udongo ule mwekundu unakuwa sabuni, hata sisi tunaanguka. Vuli nayo isikieni kwenye redio kwanza. Na wasiotaka kupanda sana wanaweza kwenda upande wa Kinole, huko mtatembea kwenye pilipili manga na mdalasini, lakini barabara inataka gari la juu na dereva mwenye subira.

Wakubwa wa Dar, mto Ruvu unapata maji yake huku kwetu. Mkifungua bomba Kimara, mnakunywa Uluguru iliyopita Mlandizi. Kwa hiyo zile chupa tupu mnazoacha Morningside, mnajitupia wenyewe.

Chura wa Kimara

Mtoto wa Bigwa, la chupa limenipata, nilikuwa mmoja wao. Nisamehe.

Nimemuuliza mwenye kundi letu mwongozaji alilipwa nini. Amesoma ujumbe, tiki mbili za bluu, kimya mpaka sasa.

Julai narudi, kwa treni, watu wanne tu, na yule kijana wa katambuga nimeshampata namba. Nilimwambia safari hii nataka Bondwa. Akaniuliza naamka saa ngapi siku za kazi. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akacheka tu.

Halafu yule dada wa raba tunafanya kazi jengo moja. Jumatatu jioni aliipeleka kwa fundi viatu pale nje. Fundi ameshika wembe, ameigeuza raba juu chini, amevuta ile kamba ya mgomba mara mbili tatu, akaweka wembe chini. Akasema, dada niachie mpaka kesho, siikati mpaka nijue fundo lake limeanzia wapi.