Mark X automatiki: S na zile + na – nizitumieje Segera na Lushoto?

Kijana wa Makorora
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua giaboksi za automatiki. Gari ni Mark X ya 2006, GRX120, injini ya 2.5, gia sita. Leva ikiwa D ukiisukuma pembeni inaingia S, na hapo kuna + na –. Kuna pia swichi ya PWR na SNOW.

Safari zangu ni Tanga–Segera, na mara moja moja Lushoto na familia pamoja na mizigo. Fundi mmoja anasema S ni ya mbio tu na inaua giaboksi. Mwingine anasema kushuka Lushoto kwa D ni kujitafutia balaa. Nimfuate nani? Halafu nikitia S gari likiwa limesimama, dashibodi inaonyesha 4. Gari linaondokaje na gia ya nne?

Fundi wa Ngamiani
Karibu mkuu. Nianze na hiyo 4, maana inawachanganya wengi. Kwenye Toyota nyingi zenye S ya namna hiyo, namba unayoiona ni dari. S4 maana yake giaboksi iko huru kutumia gia ya 1 mpaka ya 4, ya 5 na ya 6 zimefungiwa. Kwa hiyo gari linaondoka na ya 1 kama kawaida, linajibadilishia lenyewe hadi ya 4, linaishia hapo. Ukivuta – mara moja inakuwa S3, dari imeshuka. Subaru, Mazda na gari nyingi za Ulaya zenye M ziko tofauti: namba inayoonekana ndiyo gia yenyewe, inakaa hapo mpaka uiondoe au mwendo ushuke mno kompyuta ikushushie. Ukipewa gari usilolizoea, tafuta sehemu tupu, tia S au M, ondoka taratibu na usikilize. Likibadilisha gia lenyewe, hiyo namba ni dari.

Kuhusu kuua giaboksi, huyo fundi wa kwanza amekosea. Ukivuta – kwenye mwendo ambao raundi (mizunguko ya injini kwa dakika) zingepita mstari mwekundu, kompyuta inakataa, na gari nyingi zinatoa mlio. Giaboksi ya automatiki inauawa na joto, haidroliki (mafuta ya giaboksi) iliyochoka au isiyo ya aina yake, na kutia R gari likiwa bado linasogea mbele.

Tena kwenye mlima S inaisaidia. Ukipanda kona za Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, kwa D na mzigo, giaboksi inahangaika: inatia ya 4, injini inashindwa, inarudi ya 3, unatoka kwenye kona inatia ya 4 tena. Kila badiliko klachi za ndani zinasuguana, na tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) inafunguka na kuikoroga haidroliki. Hapo ndipo joto linapozaliwa. Tia S3, kwenye kona kali S2, utaona imetulia.

PWR ni kitu kingine. Inachelewesha kupanda gia na kuwahisha kushuka unapokanyaga mafuta, basi. Haifungi gia ya juu, kwa hiyo kwenye mteremko usiitegemee.

Bin Pangani
Naongezea kwenye kushuka, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na kimo kinaongezeka karibu mita 1,000. Ukirudi, uzito wote ule unaposhuka lazima uzuiliwe na breki au injini. Injini inaweza kufanya kazi hiyo kutwa nzima bila kudhurika, kwa sababu joto lake linatoka na hewa na rediata. Breki zina pedi na diski tu.

Utaratibu wake ni huu. Chagua gia kabla mteremko haujaanza, usingoje gari lishike kasi. Kanyaga breki kwanza mwendo ushuke, kisha vuta – hatua moja, acha raundi zitulie, vuta nyingine kama bado gari linakuzidi. Gia ya kushukia ni ile ambayo ungeipandia kilima hichohicho. Kwa Mark X kwenye zile kona za Soni ni S2: kwa kilomita 40 kwa saa raundi zitakuwa kati ya 2,500 na 3,000. Injini italia zaidi ya ulivyozoea. Iache ilie. Sehemu zilizonyooka kidogo S3 inatosha.

Breki utazitumia bado, lakini kwa mkupuo: kanyaga imara mwendo ushuke kutoka 45 hadi 30, achia kabisa, acha injini ishike, mwendo ukipanda tena rudia. Kuweka mguu juu ya pedali kidogokidogo kilomita nzima ndiko kunakochoma pedi, kwa sababu hazipati nafasi ya kupoa.

Jambo moja madereva wanalisahau: ukishikwa na injini, taa za breki haziwaki. Ukiona bodaboda au lori liko karibu nyuma yako, gusa pedali kidogo wajue unapunguza.

Msafiri wa Muheza
Mimi naona mnamwongezea gharama za mafuta. Raundi 3,000 mteremko mzima? Mteremkoni si unatia nyutro tu gari linajiendea, na mafuta hayaliki.

Fundi wa Ngamiani
Kaka, tafadhali sana, hilo usimfundishe mtu. Gari la sindano za mafuta likiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta na magurudumu yanaizungusha injini, kompyuta inafunga sindano kabisa. Raundi zinasoma 3,000 lakini mafuta yanayoingia ni sifuri, mpaka zishuke karibu na zile za gari lililosimama linaunguruma. Ukitia nyutro, injini lazima ijichomee mafuta ili isizime. Kwa hiyo nyutro ndiyo inayokula.

Na wanaozima injini kabisa wanapoteza buta ya breki (kifaa kinachoulainisha mguu kwenye pedali) baada ya kukanyaga mara mbili tatu, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Kwenye kona ya Soni hiyo ni ajali.

Gharama ya S iko kwenye tambarare. Ukisahau S4 kutoka Segera mpaka Pongwe kwa kilomita 80 kwa saa, raundi zitakaa karibu 2,500 badala ya 1,500 za gia ya 6. Hapo utalalamika kituo cha mafuta. Mteremko ukiisha, rudisha D.

Mama Chumbageni
Ndugu zangu, na sisi wenye gari ndogo zisizo na hizo + na –? Nina IST, na mume wangu ana Premio ya CVT. Leva zenyewe hazifanani.

Bin Pangani
Dada, IST yako ya gia nne ina kitufe cha O/D (overdraivu, yaani gia ya juu) kwenye leva, halafu 2 na L chini ya D. Bonyeza O/D, taa ya O/D OFF iwake: gia ya 4 imefungwa. Hiyo inatosha kwa miteremko ya kawaida. Mteremko mkali kama Soni, punguza mwendo hadi chini ya 50 ndipo uvute kwenye 2. L ni ya mwendo wa kutembea, mteremko wa mawe au tope. Usiitie ukiwa kwenye kasi ukitegemea kompyuta ikuokoe, gari za zamani si zote zina ulinzi huo. Na taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzima yenyewe bila wewe kubonyeza, giaboksi inakuambia ina hitilafu. Peleka ikapimwe.

Premio ya CVT yenye D, S na B haina gia za kuhesabu, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili. S inashika kiasi, B inashika zaidi. Shuka na S, pakiwa pakali B. Aqua na haibridi nyingi za Toyota nazo zina B, matumizi ni yaleyale.

Kijana wa Makorora
Nimeelewa vizuri kwa mlima. Vipi kuovateki malori kati ya Muheza na Segera? D inachelewa kuitikia, na nikikanyaga mpaka chini inaruka ghafla.

Raskazone 4x4
Inachelewa kwa sababu kompyuta inasubiri uikanyage ndipo iamue kushusha gia, na kutoka ya 6 hadi ya 3 kuna safari. Wewe itangulie. Ukiwa bado nyuma ya lori, umeacha nafasi ya kuona mbele, tia S uvute mpaka S3. Kwa kilomita 60 raundi zitakuwa karibu 2,700, injini iko tayari. Barabara ikiwa wazi, toka na ukanyage, itaitikia papo hapo. Usivute – ukiwa tayari umeshatoka upande wa pili, nusu sekunde ya kusubiri gia iingie ndiyo nafasi unayoihitaji. Ukisharudi upande wako, D. Na vijijini kwenye 50, S haibadilishi sheria.

Ukienda Amani, kule milimani Usambara, wakati wa masika, geuza hesabu. Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye tope ukishusha gia kwa kishindo, nyuma kunateleza kama umevuta hendibreki. Shusha gia mapema, moja moja, mwendo ukiwa mdogo. Kuondoka, bonyeza SNOW: gari linaondoka kwa upole na magurudumu hayapigi tope bure.

Kijana wa Makorora
La mwisho wakuu. Kabla ya safari nikague nini? Na breki zikianza kunuka katikati ya mlima nifanyeje?

Fundi wa Ngamiani
Anza na mafuta ya breki. DOT 3 mpya inachemka karibu nyuzi 205, lakini inafyonza unyevu wa hewa, na ikishafyonza vya kutosha inachemka karibu 140. Ikichemka inatoa mapovu, pedali inazama na gari halisimami. Kwa hewa yetu ya pwani, badilisha kila miaka miwili, DOT 4 ni bora zaidi. Mwambie fundi atoe hewa magurudumu yote manne, asiongeze tu kwenye kopo.

Haidroliki ya giaboksi yako ni Toyota WS, na giaboksi hiyo haina kijiti cha kupimia. Inapimwa kwa kifuniko cha chini, injini ikiwaka, gari likiwa sawasawa, joto la haidroliki likiwa karibu nyuzi 40: ikichuruzika kidogo, kiwango ni sawa. Anayetaka kupima ikiwa moto sana atakudanganya bila kujua, kwa sababu imetanuka. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, usipande nayo mlima. Na kwa Mama Chumbageni: Premio ya CVT isiguswe na haidroliki ya giaboksi ya kawaida hata nusu lita, mkanda utateleza juu ya puli na kuzikwaruza.

Breki zikinuka, tafuta sehemu pana usimame, zipoe dakika 20 au 30. Usimwagie maji, diski itapinda au kupasuka. Tia P, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, mguu utoke kwenye pedali ili pedi zisigandamane na diski yenye moto. Kabla ya kuondoka jaribu pedali: kama inazama, usiendelee, ita fundi hapohapo. Kama ni ngumu, teremka na S2. Na lile jiwe litoe barabarani, pikipiki ya usiku hailioni.