Kipaumbele cha simu za IP kwenye swichi: kwa poti, kwa 802.1p au kwa DSCP?

Mwanzisha mada, Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ofisi ninayoihudumia ina swichi moja ya kusanidiwa, yenye poti 24 za gigabiti 1, inayobeba simu 12 za IP (zinazopiga kupitia mtandao), kompyuta na kamera za ulinzi. Ruta imechomekwa poti ya 24, na laini ya intaneti ni ya megabiti 20 kwa sekunde, kupakia na kupakua. Jioni, kompyuta zinapoanza kupakia nakala za akiba mtandaoni, sauti za simu hukatika kiasi kwamba wa upande wa pili husikia nusu ya neno. Kwenye usanidi naona njia tatu za kutoa kipaumbele: kwa poti, kwa alama ya 802.1p na kwa alama ya DSCP (alama hizi mbili ni namba za daraja zinazobandikwa kwenye data yenyewe). Naomba mnisaidie kuzilinganisha. Niongeze kwamba kompyuta nyingi zimeunganishwa nyuma ya simu, yaani waya mmoja kutoka ukutani unabeba vyote viwili.

Fundi wa Mafinga

Ndugu, sentensi yako ya mwisho imekwisha kuiondoa njia ya kwanza. Ukiipa poti kipaumbele, kila kinachopita humo kinapanda daraja, ikiwemo nakala ya akiba ya kompyuta iliyo nyuma ya simu, na utakuwa umempa nguvu yuleyule anayekusumbua. Njia hiyo inafaa pale poti inapobeba kifaa kimoja tu.

Mimi ningechukua 802.1p pamoja na VLAN ya sauti, yaani mtandao uliotengwa kwa simu ndani ya swichi ileile. Alama yake ni biti tatu, thamani 0 hadi 7, na sauti kwa kawaida hupewa 5. Simu hutuma fremu zake (vifurushi vya data) zikiwa na lebo ya VLAN, kompyuta hutuma bila lebo, na swichi inazitenganisha bila shida.

Mhandisi, Iringa mjini

Nakubaliana na fundi kuhusu poti, lakini kwa 802.1p natofautiana naye. Alama hiyo inakaa ndani ya lebo ya VLAN, na fremu ikishafika kwenye ruta lebo huvuliwa na alama hupotea nayo. DSCP ni biti sita ndani ya kichwa cha pakiti ya IP, kwa hiyo huvuka ruta ikiwa nzima, isipokuwa mtu aifute njiani. Thamani ya sauti ni 46. VLAN ya sauti ibaki kwa ajili ya utaratibu na usalama, ila uamuzi wa foleni, yaani nani apite kwanza, ufanyike kwa DSCP. Swichi iamini alama zinazotoka kwenye simu peke yake. Zinazotoka kwenye kompyuta na kamera izirudishe 0, kwa sababu programu yoyote inaweza kujiandikia 46.

Hata hivyo, ndugu yangu, nakuomba utazame jambo zito zaidi kuliko aina ya alama. Foleni ya swichi hufanya kazi pale tu poti ya kutokea inapoelemewa. Poti yako ya 24 ina gigabiti 1, na laini ina megabiti 20. Pakiti zitapita kwenye swichi bila kusubiri, kisha zirundikane kwenye ruta, ambako hakuna aliyepanga lolote. Ni sawa na kumweka askari wa barabarani Mwanjelwa ilhali malori yamekwama Uyole. Kwa hiyo ama upange foleni kwenye ruta, ambayo itazisoma DSCP zilezile, ama ubane kasi ya kutokea ya poti ya 24 hadi megabiti 18 hivi, ili msongamano uhamie kwenye swichi unayoitawala. Kama ruta inaruhusu, anza nayo, maana kuibana poti kutapunguza pia mawasiliano yote ya ndani yanayopitia ruta hiyo.

Mdau wa Njombe

Kwa namna ya kuhudumia foleni, sauti ipewe kipaumbele kamili na nyingine zigawane kwa uzito. Wengi huogopa kwamba foleni yenye kipaumbele kamili itazinyima nyingine, na hofu hiyo ni ya haki pale kamera zinapoingizwa humo. Kwa sauti pekee haina uzito: simu moja ya G.711 (namna ya kusimba sauti) yenye pakiti za milisekunde 20 hutumia takribani kilobiti 87 kwa sekunde kwenye waya, hivyo simu zako zote 12 zikiongea kwa pamoja zinafika megabiti 1 na kidogo. Kamera zikae foleni ya kati, na nakala za akiba foleni ya chini kabisa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Ruta inaruhusu, nitaanza nayo. Jambo moja: simu hizi hazina sehemu iliyoandikwa DSCP, zina ToS tu. Niandike 46 humo?

Mhandisi, Iringa mjini

Hapana, usiandike 46. ToS ni baiti nzima (biti nane) ya kichwa cha pakiti ya IP, na DSCP inachukua biti sita za juu, kwa hiyo zidisha kwa 4 uandike 184. Ukiandika 46, ruta itasoma DSCP 11 na simu zitaangukia foleni ya kawaida. Ukimaliza, piga simu wakati nakala ya akiba inapakiwa, kisha fungua takwimu za foleni kwenye ruta: pakiti zilizotupwa ziongezeke foleni ya chini, na za foleni ya sauti zibaki sifuri.