Halmashauri husimamiaje ubora wa makazi ya wazee?

Mjukuu wa Ujiji:
Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Kikundi chetu hapa Kigoma hutembelea makazi ya wazee yanayoendeshwa na watu binafsi, ambayo sitayataja. Hupokelewa vizuri, tukakabidhi unga na sabuni, tukapiga picha na kuondoka. Safari iliyopita niliona choo cha wazee kina ngazi mbili za kupanda na hakuna pa kushika. Tena dawa za presha za watu mbalimbali zilikuwa zimechanganywa katika kopo moja lisilo na jina la mtu. Nilipomweleza diwani wetu, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya Wizara. Je, ni kweli kwamba halmashauri haina mkono hapo? Na kama inao, anayekwenda kukagua anapaswa kutazama nini, zaidi ya kusaini kitabu cha wageni?

Mstaafu wa Isevya, Tabora:
Mwanangu, diwani wako amesema nusu ya ukweli. Makazi ya Serikali, kama Ipuli hapa kwetu na Kibirizi huko kwenu, yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Hata hivyo, kila halmashauri inapaswa kuwa na maofisa ustawi wa jamii, na mzee anayeishi katika kata yenu ni mwananchi wao, awe nyumbani kwake au katika makazi ya mtu binafsi. Kwa watoto jambo limeandikwa waziwazi zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto, na makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni. Kwa wazee tumeegemea zaidi Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa kwanza mwaka 2003, na sera, kama mjuavyo, haina makali ya sheria.

Kuhusu ukaguzi, nimeufanya kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba ukaguzi uliotangazwa wiki moja kabla hukagua rangi ya ukuta tu. Mkaguzi aanzie jikoni wakati wa chakula, si ofisini kwenye soda. Alinganishe orodha ya wakazi na watu waliopo vitandani, aulize nani hulala na wazee usiku, na amtazame mgongo na visigino mzee asiyeweza kujigeuza, kwa sababu kidonda cha kitandani hakidanganyi. Kisha azungumze na wazee bila msimamizi kuwapo, ikiwezekana akiwa na mtu anayejua Kiha au Kinyamwezi, maana wako wazee ambao kwa Kiswahili watakujibu “tunashukuru” na kuishia hapo.

Mlezi wa ughaibuni:
Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mtu wa Urambo, nafanya kazi katika makazi ya wazee nchini Uingereza, na huku England kazi hizo zimegawanywa. Anayesajili na kukagua makazi ni tume ya kitaifa iitwayo Care Quality Commission, ambayo huuliza mambo matano: kama huduma ni salama, kama inaleta matokeo, kama watumishi wana utu, kama inafuata mahitaji ya kila mtu, na kama uongozi ni mzuri. Baadaye hutoa daraja moja kati ya manne, na taarifa yake huwa wazi kwa kila mtu. Halmashauri, kwa upande wake, hulipia nafasi za wazee wengi, kwa hiyo ina mkataba na mwenye makazi na hutuma watu wake kuona kama mkataba unatekelezwa. Huduma ikizorota, inaweza kuacha kupeleka wazee wapya mpaka kasoro zirekebishwe. Isitoshe, sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inailazimisha ichunguze inapohisi kwamba mtu mzima anayehitaji uangalizi, na asiyeweza kujilinda, anadhulumiwa au kutelekezwa. Msidhani kila kitu ni shwari: daraja linaweza kuwa la miaka kadhaa iliyopita huku meneja na nusu ya watumishi wakiwa wameshaondoka.

Nesi wa Mwanga, Kigoma:
Nawaheshimu wote, lakini silaha hiyo ya mkataba sisi hatunayo pale ambapo makazi yanaishi kwa sadaka. Tukiyafunga, wale wazee tutawapeleka wapi? Mimi ningeanza na marekebisho. Choo kinahitaji fundi na mbao za kushikia, kazi ya asubuhi moja. Dawa zinahitaji mfuko wa kila mzee wenye jina lake na daftari la kuandika nani amepewa nini na saa ngapi. Hilo muuguzi wa zahanati ya jirani anaweza kulisimamia, ikiwa mganga mkuu wa halmashauri atamwandikia rasmi. La muhimu ni kwamba kila kasoro iandikiwe jina la mwenye kuirekebisha na tarehe ya kurudi kuitazama. Nimeona taarifa nyingi zinazosema “hali iboreshwe” bila kusema na nani.

Mjukuu wa Ujiji:
Nashukuru sana. Nitaandika barua kwa afisa ustawi wa jamii kupitia kwa mtendaji wa kata. Je, niandike kwa jina langu au la kikundi?

Mstaafu wa Isevya, Tabora:
La kikundi, ili wasikunyime mlango wewe peke yako. Eleza ulichokiona kwa macho yako tu, pamoja na tarehe, na usiongeze uvumi. Uliza pia kama makazi hayo yamesajiliwa. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, nyingine umpe diwani, kwa kuwa baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na swali lililo na barua yenye mhuri si rahisi kulikwepa.