Siniatire ya dijitali kwa bilan: patron anasema ni sawa na ya skane, nimujibu nini?

komptabulu_kampemba:
Jambo yenu bote. Niko komptabulu kwa kampuni moja ndogo hapa Lushi, tunafanyia bamine kazi ya sutretansi. Banki yenye tunaomba deni imekataa bilan ya PDF yenye siniatire ya skane, banataka siniatire ya dijitali ya patron na ya komisere o konti, ule oditeri wa inje mwenye kuhakikisha bilan. Patron anasema siniatire iko pale chini, kashe iko pale, banataka nini tena? Minashindwa kumuelezea. Na tena: ile kitu inaonyesha kama bachifre ni ya kweli? Juu ile bilan ni mi njo nilitengeneza.

katuba_tech:
Haiko sawa hata kidogo ndugu. Ya skane ni picha, mwenye kuwa na fishie yako anaikata anaibandika kwa bilan ingine, dakika mbili. Ya dijitali ni hesabu: programu inafupisha bilan nzima kuwa namba moja, banaiita hashi, na kwa SHA-256 ni biti 256 tu hata dosie ikuwe na kurasa mia mbili, kisha ile namba inasinyewa na ufunguo wa siri wa patron, na banki inaihakikisha na ufunguo wake wa wazi. Ukiongeza sifuri moja kwa stoki ya mazuti, hashi inageuka yote, siniatire inakataa.

Sasa ufunguo ni ya nani? Hapo njo setifika inaingia, kuna otorite yenye inasema ufunguo huu ni ya mutu fulani. Ile otorite ikianguka, yote inaanguka: DigiNotar ya Uholanzi baliiingilia mu 2011, setifika za uongo zikatoka, serikali ikaacha kuiamini na mwaka ule ule ikafilisika.

yaya_wa_odite:
Mudogo wangu, mi nijibu ile swali ya pili. Hapana. Inaonyesha nani alisinye na kama fishie haikuguswa kisha, basi. Bilan ya uongo yenye kusinyewa inabaki ya uongo, ila mwenyewe hawezi tena kukana, na hiyo siyo kidogo. Na unajua vile inakuwaga mu mwezi wa ine, OHADA, ile sheria ya biashara ya inchi mingi za Afrika, inataka bilan ya Desemba ikuwe tayari kufika tarehe 30, fishie inazunguka kwa email, "bilan final", "bilan final 2", "final ya kweli", na ku mwisho hakuna mwenye kujua ni gani komisere aliona. Siniatire inamaliza ile fujo.

Lakini kwangu mimi mahali inasaidia zaidi ni kwa barua ya banki, ile yenye kusema kampuni iko na franga ngapi kwa konti. Parmalat ya Italia, 2003: barua ilisema kampuni yao ya Cayman iko na euro bilioni 3.95 kwa Bank of America, banki ikasema ile konti haiko. Barua ilikuwa ya kutengeneza! Na Wirecard ya Ujerumani, 2020, euro bilioni 1.9 hazikuonekana, banki mbili za Ufilipino zikasema makaratasi yenye jina yao ni ya uongo. Kama banki inasinye na ufunguo yake yenyewe, na oditeri anapokea toka banki moja kwa moja, siyo toka kwa mikono ya kliyenti, ile barua inakuwa nguvu sana kuitengeneza.

papa_ruashi:
Niongeze: hapa Kongo, Kodi ya Numeriki ya Machi 2023 inatambua siniatire ya elektroniki, patron asiseme ni mambo ya bazungu. Ila muangalie nani anashika ufunguo. Nimeona biro moja, kile ki-USB chenye kubeba ufunguo wa siri kinalala kwa tiroari ya sekretere na PIN imeandikwa juu yake na biki. Hapo mwenye kusinye ni sekretere, siyo patron.

komptabulu_kampemba:
Aksanti sana yaya, papa, na we katuba. Kesho nasinye fishie ya kujaribu, nageuza chifre moja mbele ya patron, ataona mwenyewe vile inakataa. Na barua ya banki, nitaomba baitume straight kwa komisere.