Kitengela: kipimo cha nguvu kimejaa, lakini kundi moja la chaneli linaganda

Mkazi wa Nyanda aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi Kitengela, na matangazo ya televisheni nayapokea kwa antena ya juu ya paa kutoka mitambo ya Limuru. Kwa miaka mingi sikuwa na malalamiko yoyote. Tangu jirani wa upande wa kaskazini-magharibi alipomaliza kujenga jengo lake la ghorofa nne, baadhi ya chaneli zimekuwa zikiganda, sauti inakatikakatika, kisha skrini inakuwa nyeusi na kuandika kwamba hakuna mawimbi, hali chaneli nyingine zinaonekana safi kabisa. Jambo hili huzidi jioni.

Fundi niliyemwita alifunga busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, nyuma ya televisheni. Kipimo cha nguvu kwenye king'amuzi kikapanda hadi karibu asilimia 90, lakini kipimo cha ubora hakitulii, na zile chaneli zenye taabu zimezidi kuganda. Sasa anapendekeza busta kubwa zaidi. Waya unaoteremka kutoka paani una urefu wa mita 30 hivi, na kabla ya kufika sebuleni kuna kigawanyio kinachopeleka mawimbi kwenye televisheni ya chumbani kwa mama. Mama yangu ni mtu mzima, na taarifa ya habari ya jioni huisubiri kutwa nzima, kwa hiyo ningependa kazi hii ifanywe sawasawa badala ya kubahatisha. Je, ninunue hiyo busta, niinue mlingoti, au niachane na antena na kuhamia dishi?

Msikilizaji wa Ruai alijibu:

Pole sana, ndugu. Mimi ningeanza na mlingoti. Huku kwetu majengo yalipoanza kuota, walioinua antena walipona na walioongeza busta waliendelea kuhangaika. Hakikisha tu kwamba bomba unalolitumia ni imara na limefungwa kwa waya za kulishikilia, kwa sababu bomba jembamba likiyumba, antena huacha kuelekea mtambo na chaneli huganda kila upepo unapovuma.

Fundi wa Mawimbi alijibu:

Ndugu Mkazi wa Nyanda, tafadhali usinunue busta kubwa. Jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe: nguvu ilipanda, ubora ukashuka. Vipimo hivyo viwili havipimi kitu kimoja. Kipimo cha nguvu hujumlisha kila kinachoingia kwenye waya katika masafa yale, yaani matangazo pamoja na kelele za umeme na mawimbi mengine yasiyohitajika, ilhali kipimo cha ubora huonyesha ni kwa kiasi gani king'amuzi kinaweza kuyatenga matangazo na hizo kelele. Busta huvikuza vyote kwa pamoja, kisha huongeza kelele yake yenyewe. Isitoshe, yako imefungwa mwisho wa safari. Waya mzuri wa mita 30 hupoteza takriban desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa mawimbi) katika masafa ya UHF, yaani yale ya televisheni ya sasa, na kigawanyio cha njia mbili hupoteza nyingine kama 3.5 au 4, kwa hiyo kinachoifikia busta ni mawimbi yaliyokwisha kudhoofika, na ubora uliopotea njiani hauwezi kurudishwa na kifaa kilichoko nyuma ya televisheni.

Suala la kwa nini chaneli fulani tu ndizo zinazoganda ndilo ninaloliona kuwa la maana zaidi, na mafundi wengi hulipita. Tangu mitambo ya analogia ya Nairobi ilipozimwa mwaka wa 2015, chaneli haina tena masafa yake peke yake. Chaneli kadhaa hufungashwa pamoja na kurushwa katika masafa mamoja yenye upana wa MHz 8, na hapa Kenya wanaofanya kazi hiyo ya kurusha ni kampuni tatu: Signet, iliyo chini ya shirika la utangazaji la taifa, KBC; PANG; na ADN, iliyoundwa na vyombo vya habari vya kibinafsi. Chaneli zilizomo katika furushi moja husimama pamoja na kuanguka pamoja. Kwa hiyo usiangalie ni kituo gani kinachoganda. Fungua menyu ya utafutaji wa mkono kwenye king'amuzi, pitia masafa mamoja baada ya mengine, uandike nguvu na ubora wa kila kundi. Ikiwa makundi yote ni dhaifu, shida iko kwenye antena, kwenye waya, au kwenye mwelekeo. Ikiwa ni kundi moja tu linaloyumba huku mengine yakiwa imara, basi uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mwangwi, yaani mawimbi yaleyale yanayokufikia mara ya pili baada ya kugonga kitu, na hapo ndipo jengo la jirani linapoingia.

Kutoka kwako hadi Limuru ni kiasi cha kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, kuelekea kaskazini-magharibi. Limuru imeinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari nanyi mko chini kwenye nyanda, jambo ambalo kwa kawaida ni neema kubwa kwa sababu mtambo unawatazama kutoka juu. Ghorofa nne za karibu zinatosha kuiharibu neema hiyo. Sehemu ya mawimbi huzuiwa, nyingine hupinda ukingoni mwa jengo, na nyingine hugonga kuta na mabati ya majengo ya pembeni kabla ya kuifikia antena yako. Mfumo wa DVB-T2, yaani huu wa televisheni ya dijitali ya antena tunaoutumia, umebuniwa kustahimili mwangwi, ndiyo maana huoni vivuli kwenye picha kama enzi za analogia, lakini mawimbi mawili yaliyopita njia za urefu tofauti yanapokutana, katika masafa fulani husaidiana na katika masafa mengine hufutana. Kundi lililoangukia pale yanapofutana ndilo linaloganda.

Faida ya kulijua hilo ni kwamba tiba inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Urefu wa wimbi katika masafa haya ni kati ya sentimita 43 na 64, kwa hiyo kuihamisha antena nusu mita tu kushoto, kulia, juu au hata chini kunaweza kulitoa kundi lile mahali hapo pa kufutana. Mpe mtu kazi ya kutazama kipimo cha ubora, wewe au fundi msogeze antena polepole, na msubiri kila mara, kwa maana king'amuzi huchelewa kidogo kuonyesha mabadiliko. Msitazame nguvu kabisa. Msitumie picha kuwa kipimo pia: televisheni ya dijitali haina chenga za kukuonya kwamba mawimbi yanadhoofika, na kati ya picha isiyo na doa na skrini nyeusi huenda pakawa na desibeli moja au mbili tu.

Mwanafunzi wa Elektroniki alijibu:

Nakubaliana na Fundi wa Mawimbi, na ningependa kuongeza neno kuhusu ile hali ya kuzidi jioni. Busta nyingi za bei nafuu hukuza kila kitu kuanzia MHz 40 hadi MHz 862. Televisheni yetu inahitaji MHz 470 hadi 694 tu, baada ya nchi za Afrika kupanga upya masafa hayo na kuyaacha ya juu yake kwa ajili ya intaneti ya simu. Kwa hiyo busta ya aina hiyo inabeba pia redio za FM na mawimbi ya 4G ya MHz 800 kutoka mnara wa simu ulio karibu, ambao jioni hufanya kazi zaidi kwa sababu watu wamerudi nyumbani. Busta ikilemewa, huanza kuzalisha mawimbi ya uongo ndani yake yenyewe na kuyamwaga juu ya yale ya televisheni. Iondoe kwanza kabla ya kupima chochote. Kama kuna mnara wa simu karibu, kichujio cha 4G ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya na kinafaa kuliko busta mbili.

Tazama pia antena yenyewe. Zile ndefu za zamani zenye fimbo za mita moja na zaidi zilitengenezwa kwa masafa ya VHF, yaliyo chini ya UHF, na kwa UHF hazifai. Antena inayofaa ina vipande vifupi vya sentimita 20 hadi 30 vilivyopangwa kwenye mti mmoja, na kwa nyuma ina wavu unaosaidia kukinga mawimbi yanayotoka upande usiotakiwa.

Mkazi wa Nyanda alijibu:

Nawashukuru nyote kwa maelezo haya ambayo sikuyapata popote. Nimeiondoa busta na kupima tena. Nguvu imeshuka hadi karibu nusu, lakini makundi mawili yana ubora uliotulia juu ya asilimia 80, na chumbani kwa mama pia hali ni hiyohiyo. Kundi la tatu bado linapanda na kushuka, ingawa si vibaya kama zamani. Tulipofungua kisanduku cha plastiki kilichoko kwenye antena, mahali waya unapofungwa, tulikuta kutu ya kijani juu ya skrubu na nyuzi nyembamba za wavu wa waya zikiugusa ule uzi wa katikati. Je, hilo lina uzito, au nishughulikie mlingoti tu?

Fundi wa Mawimbi alijibu:

Lina uzito mkubwa, na ndipo pa kuanzia. Uzi wa katikati ukiguswa na wavu, mawimbi hufupishiwa njia hapohapo, na mguso wenyewe hubadilika antena inapotikiswa au jua linapopasha plastiki moto. Kata sentimita 20 au zaidi hadi ufike mahali shaba inapong'aa na wavu hauna weusi, kwa maana maji yakishaingia hutembea ndani ya waya. Menya upya, kunja wavu nyuma kabisa, kaza skrubu, funga kisanduku na uache mdomo wake uelekee chini. Waya uwe wa omu 75, ule mnene wa dishi, na kabla ya kuingia ndani ya nyumba uteremke kidogo kama tumbo ili matone yaangukie nje. Watu husema mvua inaharibu televisheni, lakini kwa masafa haya mvua yenyewe haizuii karibu chochote. Linalowaponza ni maji kwenye viungo. Dishi ndilo linalosumbuliwa na mvua kubwa, kwa kuwa satelaiti hutumia masafa ya zaidi ya GHz 10, kwa hiyo sioni sababu ya wewe kuhama.

Baada ya hapo ndipo utafute mahali pa antena kwa kuisogeza nilivyoeleza, ukiliangalia lile kundi la tatu peke yake. Ikibidi kuinua mlingoti, inua hadi antena iyapite mabati yako na ikiwezekana ukingo wa jengo la jirani, na ukiunganishe chuma hicho na ardhi, kwa sababu nyanda za Athi ziko wazi na radi haichagui.

Endapo mwishowe mama bado anapata ubora hafifu kuliko sebuleni, hapo busta ndogo ina nafasi yake, lakini ifungwe juu, karibu na antena, kabla ya waya mrefu na kabla ya kigawanyio. Busta ya aina hiyo hupata umeme kupitia waya uleule wa antena, kutoka kwenye adapta yake iliyoko ndani au kutoka kwenye king'amuzi kinachoweza kutoa volti 5. Ichague inayokubali chanzo utakachotumia, kisha ukague kigawanyio: vingi hupitisha umeme kwenye tundu moja tu, lililowekewa alama, na mengine hayapitishi. Ukichomeka adapta upande usiopitisha, busta iliyoko juu haitawaka, na badala ya kusaidia itayazuia mawimbi, na televisheni zote mbili zitakosa picha.