Sulfasalazini inanitesa, lakini damu chooni imepungua. Niiache?

MtuWaPwani: Wakuu, heshima kwenu. Nilipimwa kwa kamera nikaambiwa nina kolaitisi ya vidonda, vile vidonda vya utumbo mpana. Nimeanzishiwa sulfasalazini. Damu imepungua kweli, ila nikimeza tu kichwa kinagonga na kichefuchefu kinanishika, hata harufu ya samaki wa kukaanga siiwezi. Mkojo nao umekuwa rangi ya chungwa. Jirani anadai dawa inaua bakteria wa tumboni. Niache au nivumilie?

ChumaUlete: Achana na vidonge mkuu. Chemsha shubiri, unywe asubuhi.

DawaNiSayansi: Chuma, shubiri inaharisha! Unampeleka wapi mwenzio? Mleta mada, jirani kageuza mambo: dawa hiyo inawahitaji hao bakteria. Sehemu kubwa yake inafika utumbo mpana ikiwa nzima, na bakteria wa huko ndio wanaoikata vipande viwili. Kimoja ni mesalazini, inayotuliza utumbo. Watafiti wa Oxford walilionyesha hilo mwaka 1977. Cha pili, sulfapiridini, kinaingia kwenye damu, na mara nyingi ndicho chanzo cha kichwa na kichefuchefu. Kuna watu ini lao hukishughulikia polepole, basi dozi ileile inawaelemea. Mkojo usikutishe, ni rangi ya dawa tu. Usiache kimyakimya. Mwombe daktari ashushe dozi aipandishe taratibu, au akuhamishie mesalazini tupu. Umeze baada ya kula. Asidi ya foliki, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, umepewa?

Kibao: Mesalazini nayo haipatani na kila mtu. Mimi ilinizidishia damu, na homa juu, tukadhani ugonjwa umepamba moto. Daktari aliposimamisha dawa nikatulia. Ukihamishiwa halafu hali ikawa mbaya, rudi haraka.

BintiTanga: Umepimwa G6PD, kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu? Upungufu wake upo sana huku kwetu, na mwenye nao anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa dawa hii. Ukiona upele, homa, koo kuuma au macho ya njano, usimeze kidonge kingine, nenda hospitali siku hiyohiyo.

MtuWaPwani: Foliki sijapewa, G6PD sikupimwa. Halafu nina antibayotiki za kifua nimenunua duka la dawa. Zinaingiliana?

DawaNiSayansi: Zinaweza. Antibayotiki huua bakteria, na wakipungua hao wakataji, sulfasalazini inapita bila kukatwa vizuri. Isitoshe, antibayotiki zenyewe huweza kuleta kuhara ukadhani ni kolaitisi. Kesho beba maboksi yote umwonyeshe daktari, hata hizo ulizojinunulia.