Nanofilta au RO kwa kisima cha Ruai?

Mwenye_Ploti: Wakuu, habari za jioni. Tuna kisima kirefu hapa Ruai, maji ni mengi ila majirani wanasema yanaharibu meno ya watoto. Fundi mmoja ananisukumia RO, ile mashine inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaozuia karibu chumvi zote; mwingine anasema nanofilta, yenye utando wa vitundu vikubwa kidogo, inatosha na haili stima sana. Nalipa Ijumaa. Nichukue gani?

FundiBomba: Maji yamepimwa? Floraidi, hayo madini yanayoharibu meno, ni ngapi? Chuma je? Wanakunywa watu wangapi? Kwa daktari huwa unasema tu "naumwa"?

MamaKibanda: Chemsha tu baba. Sisi tunayanywa tangu tuhamie.

FundiBomba: Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haitoki na mvuke, inabaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi kukolea.

Mzee wa Tangi: Kabla hujalipa, sikia yaliyonikuta. Alikuja kijana wa mauzo, tai shingoni. Akaweka glasi mbili, moja ya maji yangu, nyingine ya mashine yake ya RO. Akatumbukiza kidude chenye vyuma viwili, akachomeka kwenye stima. Punde si punde yangu yakawa ya kahawia kama mtaro wa Gikomba, yake meupe pe! Mama watoto akashika kichwa, nikalipa siku hiyo hiyo. Miezi mitano baadaye mtungi mmoja unachukua siku mbili kujaa. Fundi mwingine akafungua, akakuta utando umegandwa na chokaa na kutu, maana mbele yake hakikuwekwa chochote cha kunasa chuma. Yule wa tai, simu haipatikani. Sasa, kidude chake alikuwa amekisahau kwangu. Kijana wangu wa sekondari akatia chumvi kidogo kwenye maji ya mashine, akatumbukiza vyuma, nayo yakageuka kahawia! Kumbe ni chuma cha kidude chenyewe kinachoyeyuka. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana yake hayakubadilika. Nilinunua woga, ndugu zangu.

Mwenye_Ploti: Pole mzee, ila nimecheka. Nimepata karatasi ya vipimo: floraidi 4.2, TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) 640. Chuma hawakupima. Nyumba ni 14.

FundiBomba: Afadhali. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo lazima uondoe karibu thuluthi mbili. Nanofilta ina vitundu vya kama nanomita 1. Kalisi na magnesi, zenye chaji mbili, inazinasa vizuri. Floraidi ina chaji moja tu, hapo inategemea utando gani na maji gani. Kuna tando za kubana zinazofikia kiwango hicho, kuna za kulainisha maji basi. Faida yake ni msukumo mdogo, na maji yanabaki na madini kiasi. Mwambie huyo fundi apitishe mtungi wa maji yako kwenye utando wake, halafu myapeleke maji hayo maabara wapime floraidi yenyewe. Kile kipimo cha TDS cha mfukoni hakiitofautishi na chumvi nyingine.

Syokimau_254: RO, kwisha maneno. Birika langu halina chokaa mwaka wa pili.

MamaKibanda: Na chai ya RO haina ladha.

Syokimau_254: Chai ni majani, mama.

Mnakuru: Kwetu Nakuru floraidi tuliizoea kitambo. Mkaa wa mifupa unaivuta, bila stima.

Abu_Eastleigh: Mifupa ya mnyama gani?

Mnakuru: Ng'ombe. Imechomwa ikawa nyeusi.

Abu_Eastleigh: Aliyechinjwa na nani?

FundiBomba: Mkaa huo nao hushiba, lazima ubadilishwe. Nani atakumbuka katika ploti ya nyumba 14?

Syokimau_254: Yote haya kwa sababu mfereji umekauka. Maji ya bwawa la Ndakaini, yale ya mfereji wa Nairobi, hayana shida ya floraidi, shida yake ni kutofika.

Abu_Eastleigh: Kwetu yalifika Jumanne, saa nane usiku.

Mwenye_Ploti: Nitapima chuma kwanza. Ila yule wa RO amenipigia sasa hivi, anasema bei hiyo mwisho kesho.

Mzee wa Tangi: Ana tai?

MamaKibanda: Kwani lori la maji siku hizi ni pesa ngapi huko Ruai?